Hamaki Ina Chanzo: Kijitabu cha Kaya Inayolea Mtoto Mwenye Usonji

Kwa wazazi, walezi, ndugu, walimu na majirani wa Kibondo na Kasulu

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayejigonga kichwa ukutani, anayeng'ata, anayevuta nywele, anayerusha vyombo au kumpiga mdogo wake bila sababu unayoiona, na umeambiwa au unahisi kwamba ana usonji, kurasa hizi ni zako. Zisome mwenyewe, au mtoto wa shule akusomee jioni wote mkiwa mmekaa. Ni muhimu kila anayemlea asikie, kwa sababu mtoto huyu hawezi kutulia ikiwa mama anafanya hivi, bibi anafanya vile, na kaka ana lake.

Tunalosema humu ni jambo moja. Hamaki haianzi pale mtoto anapopiga kelele. Huwa imeanza muda mrefu kabla: njaa ilipomshika, mvua ilipoanza kupiga bati, au jana usiku jino lilipoanza kuuma. Anayetafuta chanzo hupunguza hamaki. Anayesubiri kelele ndipo ashike fimbo hubaki na kelele na fimbo yake.

1. USONJI NI NINI

Usonji ni hali inayotokana na jinsi ubongo wa mtoto unavyokua. Dalili zake huanza kujitokeza kabla hajatimiza miaka mitatu, ingawa familia nyingi huja kuzitambua anapofikia umri wa kuanza shule. Mtoto anaweza:

- kuchelewa kuongea, kutoongea kabisa, au kurudia maneno aliyosikia bila kuyatumia kuomba kitu;
- kutoitika akiitwa jina, japo anasikia;
- kukwepa kumtazama mtu usoni na kucheza peke yake;
- kurudia jambo moja kwa muda mrefu, kama kuzungusha tairi au kupanga vizibo vya soda kwa mstari;
- kutaka njia ileile, kikombe kilekile, mambo yaleyale kila siku;
- kuumizwa na sauti, mwanga, harufu au nguo ambazo wengine hata hawazihisi.

Si lazima awe na dalili zote. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kata yenye watu 10,000 inaweza kuwa na watu karibu 80 wa namna hii. Hauko peke yako, hata kama wengine wamefichwa ndani na hujawahi kuwaona.

Ukali wenyewe si dalili ya usonji. Wapo watoto wengi wenye usonji ambao hawajawahi kumgusa mtu. Mtoto akiwa mkali, kuna jambo linalomsukuma, na jambo hilo linaweza kutafutwa.

2. KWA NINI HUPANDWA NA HAMAKI

Sababu nyingi huangukia katika makundi manne.

Anataka kitu na hana maneno. Ana kiu, anataka kutoka nje, anataka ile redio. Amevuta kanga ya mama mara mbili hakusikilizwa. Kinachobaki ni kupiga.

Anataka kuepuka kitu. Hataki kuogeshwa maji baridi asubuhi ya Juni, hataki sare mpya inayomkwaruza shingoni, hataki kukaa na watu asiowajua.

Amezidiwa. Hapa kwetu mambo ya kumzidi mtoto ni mengi: mashine ya kusaga, spika za harusi au za mkutano wa injili, honi za bodaboda, msongamano wa gulio, vilio vya msibani, moshi wa jikoni. Mvua zikianza, kuanzia Oktoba au Novemba, nyumba ya bati huvuma mpaka watu wazima hawasikilizani. Mtoto mwenye masikio mepesi huumia kwelikweli. Huyu hadai kitu, na hata ukimpa pipi hatulii mpaka kelele ipungue.

Mpango umebadilika ghafla. Msimu wa kulima mama huondoka alfajiri, chakula huchelewa, watoto hulala kwa bibi. Shule hufungwa. Mgeni hulala kwenye kitanda chake. Kwako ni jambo la kawaida. Kwake dunia imegeuka bila taarifa.

Mtoto anayedai kitu hukuangalia kama unamwona, na hunyamaza akikipata. Mtoto aliyezidiwa haangalii mtu. Huziba masikio, hutetemeka, hukimbia au hujiumiza. Wa kwanza anahitaji kufundishwa namna nyingine ya kuomba. Wa pili anahitaji utulivu kwanza. Ukiwachanganya, utamdekeza asiyehitaji kudekezwa na kumwadhibu anayeumia.

3. KWANZA ANGALIA MWILI

Mtoto asiyeweza kusema "jino linauma" husema kwa kung'ata. Kama ukali umeanza ghafla, au umezidi ndani ya siku chache, usifikirie tabia kwanza. Fikiria maumivu, na umkague kuanzia juu hadi chini:

- Masikio: analivuta sikio? Linatoa usaha au harufu?
- Meno: anakataa ugali wa moto au maji baridi? Shavu limevimba?
- Tumbo: amepata choo lini? Kukosa choo kwa siku kadhaa ni chanzo kikubwa cha hamaki, hasa kwa watoto wanaokula aina mbili tatu tu za chakula. Minyoo nayo isisahaulike.
- Mkojo: analia au anajishika anapokojoa?
- Miguu: kagua vidole na visigino kama kuna funza.
- Homa: mkoa wetu wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Homa yoyote apimwe zahanati, asipewe dawa kwa kubahatisha.
- Usingizi: amelala saa ngapi usiku? Mtoto aliyekesha hana uvumilivu mchana.
- Msichana aliyevunja ungo: angalia kama hamaki huja karibu na siku zake.

Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko watoto wengine. Mtoto akidondoka na kukakamaa, akiduwaa ghafla bila kuitika, au akizinduka akiwa mkali na kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali. Kifafa kina dawa, na kikidhibitiwa, ukali nao unaweza kupungua.

4. DAFTARI LA WIKI MOJA

Chukua daftari la shule la mistari. Kila hamaki ikitokea, andika mambo matatu: nini kilitangulia, alifanya nini, na baadaye alipata au aliepuka nini. Asiyejua kuandika amweleze mwanafunzi wa nyumbani aandike. Tuseme nyumba fulani ina mvulana wa miaka 7 asiyeongea, na daftari lao la wiki linasomeka hivi:

Jumatatu, saa 8 mchana. Kabla: wenzake wanacheza uani, chakula bado hakijaiva. Alichofanya: alimng'ata mdogo wake mkononi. Baadaye: alipewa kiazi, akanyamaza.

Jumanne, saa 2 asubuhi. Kabla: mvua kubwa juu ya bati. Alichofanya: alijigonga kichwa mlangoni. Baadaye: alitulia mvua ilipokatika.

Jumatano. Hakuna hamaki. Mama alishinda nyumbani, walikula saa 6.

Alhamisi, saa 8 na nusu mchana. Kabla: mama yuko shambani, chakula kimechelewa. Alichofanya: alirusha sufuria. Baadaye: bibi alimpa ndizi.

Ijumaa, saa 8 mchana. Kabla: amerudi kisimani na dada yake, hajala. Alichofanya: alimvuta dada nywele. Baadaye: dada alimpiga, akalia mpaka chakula kilipoiva.

Ukimuuliza mtu wa nyumba hiyo, atakwambia mtoto "anachachamaa wakati wowote, bila sababu". Daftari linasema vingine. Hamaki tatu kati ya nne zimekuja kati ya saa 8 na saa 8 na nusu mchana, mtoto akiwa na njaa, na siku waliyokula mapema hapakuwa na fujo. Ya nne ni mvua.

Daftari linaonyesha na jambo jingine ambalo ni gumu kulikubali: mtoto amejifunza kwamba kung'ata huleta kiazi na kurusha sufuria huleta ndizi. Bibi hakukosea kumpa mwenye njaa chakula. Kilichokosekana ni chakula hicho kuja kabla ya sufuria kuruka.

Dawa ya nyumba hiyo ni ndogo. Saa 6 mtoto apate kiazi, ndizi au uji, hata kama wengine watakula saa 9. Afundishwe kuleta bakuli lake anaposikia njaa, na kila akilileta apewe kitu papo hapo. Kwa ajili ya mvua, atengewe kona yenye godoro na blanketi mbali na mlango, na kofia nzito ya kufunika masikio.

Daftari lako litasema mambo yako. Liandike wiki moja kabla hujaamua lolote, na ukienda hospitali libebe. Litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka njiani.

5. KUIPANGA SIKU ILI HAMAKI IPUNGUE

Siku iwe na mpangilio. Kuamka, kunawa, uji, kutoka nje, chakula, kuoga na kulala vifuatane vilevile kila siku. Saa inaweza kusogea, mfuatano usivunjike. Jambo jipya likija, mwambie kabla, na umwonyeshe.

Tumia vitu na picha. Mtoto ambaye maneno yanampita huelewa akionyeshwa. Kikombe kimaanishe maji, bakuli chakula, kandambili kutoka, taulo kuoga. Unaweza pia kuchora kwa mkaa au kalamu juu ya vipande vya boksi: mtu anakula, mtu anaoga, mtu amelala. Vitundike ukutani kwa mfuatano wa siku, na kila jambo likiisha kigeuzwe kipande chake. Hili halimzuii kuja kuongea baadaye.

Sema "kwanza, kisha". "Kwanza kuoga, kisha redio." Maneno machache, na ahadi itimizwe. Ukisema redio, iwe redio.

Mpe nafasi ya kuchagua. "Shati hili au hili?" Mtoto anayechagua mambo madogo hapigani sana kwenye makubwa.

Mpe kazi inayotumia nguvu. Kubeba dumu dogo la maji, kusukuma toroli, kutwanga pamoja na dada, kupanga kuni. Watoto wengi hutulia baada ya mwili kufanya kazi. Panga kazi hiyo kabla ya wakati ambao daftari limeonyesha ni mgumu.

Msifu akifanya vizuri. Amekaa dakika tano bila kumsukuma mtu? Sema pale pale: "Umekaa vizuri, hongera." Tumezoea kumwona mtoto akikosea tu, naye hujifunza kwamba fujo ndiyo inayoleta macho ya watu.

Neno lilelile kwa jambo lilelile. Kama nyumbani mnaongea Kiha na shuleni ni Kiswahili, endeleeni na lugha yenu. Lugha mbili hazisababishi usonji wala haziuzidishi. Ila mkubaliane neno moja la "simama", moja la "subiri" na moja la "basi", na kila mtu atumie hayo.

6. HAMAKI IKISHAANZA

Kabla ya kulipuka, mtoto hutoa ishara: hutembea huku na huko, hupiga mikono, huguna, hung'ata nguo, huziba masikio. Zijue ishara za mwanao. Wakati huo ndio wa kumtoa kwenye kelele, kumpa maji au kumpeleka mahali pake. Akishalipuka, hakuna somo linaloingia. Kazi yako ni moja, asiumie na asiumize.

- Punguza sauti yako. Pumua, simama upande wake badala ya kumkabili, na usimkodolee macho.
- Ondoa watu. Watoto wengine watoke nje na mtu mmoja mkubwa. Waliokuja kutazama waombwe waondoke.
- Ondoa hatari. Panga, jembe, visu, sufuria ya moto, kibatari na jiko la mkaa viwe mbali. Katika nyumba yenye mtoto huyu, vitu hivi viwe na mahali pa juu kila siku, visisubiri fujo.
- Sema kidogo. "Niko hapa. Pole." Basi. Usiulize "una nini wewe?" na usitishie.
- Akijigonga kichwa, weka kanga iliyokunjwa, mto au blanketi kati ya kichwa na ukuta.
- Akikung'ata, usivute mkono kwa nguvu, kwani nyama huchanika. Usogeze taratibu kuelekea kinywani mwake, taya zitalegea.
- Akikushika nywele, bana mkono wake juu ya kichwa chako ili asivute, kisha fungua vidole kimoja kimoja.
- Kumshika kwa nguvu ni hatua ya mwisho, pale anapokimbilia motoni, kisimani au barabarani. Mshike kwa muda mfupi, kutoka nyuma au ubavuni. Usimlaze kifudifudi, usimkalie, usimbane kifua wala shingo. Mtoto anaweza kukosa pumzi na kufa.
- Kama hamaki ilikuwa ya kudai kitu, usimpe kitu hicho katikati ya fujo. Subiri atulie hata kidogo, mwonyeshe namna ya kuomba, akijaribu mpe. Siku za kwanza fujo inaweza kuongezeka kabla ya kupungua, kwa sababu anajaribu njia iliyokuwa ikifanya kazi. Mkilegea siku ya tatu, mtakuwa mmemfundisha kupiga kelele kwa muda mrefu zaidi.

Baada ya kutulia, mpe maji, mwache apumzike, mkague kama ameumia. Usimhutubie. Kama amemwaga kitu, asaidiwe kukiokota pamoja na mtu mwingine, bila maneno ya kumwaibisha. Jeraha la kung'atwa lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kama ngozi imetoboka, aliyeumia aende zahanati. Kisha fungua daftari uandike.

7. YASIYOFAA, HATA KAMA YAMEZOELEKA

Kuchapa. Kichapo humwongezea hofu na maumivu mtoto ambaye tayari amezidiwa, na humfundisha kwamba mwenye nguvu hupiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inasema wazi: hakuna adhabu ya kumrekebisha mtoto inayokubalika ikiwa inapita kiasi kwa umri na hali yake ya mwili na akili, au ikiwa mtoto hawezi kuelewa sababu ya adhabu hiyo.

Kumfunga kamba au kumfungia ndani. Tunajua wanaofanya hivi mara nyingi ni watu waliochoka, wanaoogopa mtoto asipotelee mtoni au kugongwa na gari kwenye barabara kuu ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini kamba hukata ngozi, huzuia damu, na nyumba ikiungua aliyefungwa hana pa kukimbilia. Badala yake jengeni uzio wa miti au matete, wekeni komeo la juu ya mlango, funikeni kisima, andikeni namba ya simu ndani ya shati lake, na pangeni zamu ya kumwangalia kwa saa, mtu mmoja akijulikana kwa jina.

Dawa za kumlaza. Piriton, dawa za kikohozi, diazepamu ya kununua dukani au pombe ya kienyeji kwenye uji ni hatari. Zinaweza kuzuia pumzi, na mtoto mwingine huchangamka na kuwa mkali zaidi.

Kumnyima chakula, kumwagia maji baridi, kumpaka pilipili. Hakuna hata moja kati ya haya linalofundisha kitu.

8. MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Je, amerogwa, au ni laana ya ukoo?
Hapana. Si uchawi, si mapepo, wala si kosa la mama alipokuwa mjamzito. Urithi wa vinasaba una mchango mkubwa, na hakuna aliyeuchagua. Anayetaka kumwombea mtoto amwombee. Maombi hayahitaji kamba, fimbo wala kumlazimisha mtoto kufunga kula. Na kama mtoto anatumia dawa za kifafa, zisikatishwe kwa sababu ya maombi au mganga.

Nimesikia chanjo ya surua ndiyo iliyoleta.
Uvumi huo ulianzia kwenye makala iliyotoka Uingereza mwaka 1998. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000, na waliochanjwa hawakuonekana kupata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa. Surua inaua. Mchanje mtoto, na wadogo zake pia.

Atapona?
Usonji si ugonjwa wa kupona kwa vidonge. Mtu huishi nao. Lakini hamaki zinaweza kupungua sana, na mtoto anaweza kujifunza kula mwenyewe, kuvaa, kuomba kitu, kusaidia kazi na kusoma, kila mmoja kwa kadiri yake.

Kuna dawa za hospitali?
Hakuna dawa ya usonji wenyewe. Kwa ukali uliokithiri daktari anaweza kuandika dawa kama risperidoni, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2006 kwa watoto wenye usonji kuanzia miaka 5. Inaweza kumnenepesha mtoto na kumpa usingizi, hivyo lazima afuatiliwe. Dawa huja baada ya kukagua mwili na kubadili mambo ya nyumbani. Akianza kutumia, usiikatishe ghafla bila kuongea na daktari.

Sasa ana miaka 13 na nguvu zake zimenizidi.
Ndiyo maana tunahimiza kuanza mapema. Kwa mkubwa, usipigane naye; ongeza nafasi kati yenu, muwe na mlango wa kutokea, na mkubaliane na majirani wawili wanaoaminika watakaokuja ukiita. Wajue cha kufanya kabla, wasije na fimbo.

9. NYUMBA NZIMA NA MAJIRANI

Ndugu zake huumia na kunyamaza. Dada anayevutwa nywele kila siku ana haki ya kulindwa na kusikilizwa, na kupata muda wake na mama hata robo saa jioni. Asifanywe yaya wa kudumu wala asikose shule kwa ajili ya kumlinda kaka yake.

Baba asibaki mtazamaji. Zamu mbili za jioni kwa wiki anazochukua baba, mjomba au shangazi humpa mama nafasi ya kulala.

Kwa majirani, ongea siku ya amani, si siku ya ugomvi. Unaweza kuanza hivi: "Shikamoo bibi. Nimekuja kukueleza habari za huyu mjukuu wako. Ana hali inaitwa usonji. Kelele zikimzidi hupiga na kulia, si jeuri. Ukimwona yuko peke yake njiani, usimfokee wala usimkimbize. Mshike mkono taratibu, umlete au uniite." Wengi wanaomtupia mtoto mawe au maneno hawajawahi kuelezwa. Mweleze pia mwenyekiti wa kitongoji, dereva wa bodaboda wa kijiweni na mwenye duka. Hao ndio humwona kwanza mtoto akipotea.

Shuleni, mwalimu aambiwe mambo matatu: kinachomkasirisha, ishara zake, na kinachomtuliza. Serikali ilitoa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya elimu. Wilayani Kasulu, Shule ya Msingi Kabanga Mchanganyiko inafahamika kwa kusomesha watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali pamoja na wenzao. Muulize afisa elimu maalumu wa halmashauri ni shule gani iliyo karibu nawe yenye mwalimu wa fani hiyo.

10. MLEZI NAYE NI MTU

Mtu anayeng'atwa na kukesha kwa miaka huchoka mpaka ndani. Kukasirika si dhambi. Ukihisi unataka kumpiga, mkabidhi mtu mwingine, au kama uko peke yako na mtoto yuko mahali salama, toka mlangoni, nawa uso, hesabu pumzi kumi, kisha rudi.

Ukikosa usingizi hata mtoto akilala, ukilia kila siku, ukipoteza hamu ya chakula, au ukipata mawazo ya kujiua au kumdhuru mtoto, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na useme wazi. Huo ni ugonjwa unaotibika.

Tafuta walezi wenzako. Mwaka 2022 WHO ilitoa mafunzo ya walezi wa watoto wenye usonji au wanaochelewa kukua, yaliyojaribiwa katika nchi zaidi ya 30, Kenya na Ethiopia zikiwamo. Yameundwa yaendeshwe na watu wasio mabingwa: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani. Kikundi cha mama watano chini ya mwembe, wakiwa na madaftari yao na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kinaweza kuanza hata kabla mafunzo hayajafika.

11. WAPI PA KWENDA

Anzia zahanati au kituo cha afya. Omba mtoto apimwe masikio, meno, tumbo, malaria na kifafa, kisha omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Kibondo au Kasulu. Kasulu pia ipo Hospitali ya Kabanga. Kutoka hapo rufaa huenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, Kigoma mjini, na ikibidi Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri husaidia kaya isiyo na uwezo wa kulipia matibabu, na kesi za unyanyasaji.

Kwa mtoto anayepigwa, kufungwa au kutelekezwa, piga 116, Namba ya Mtoto, bila malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Mkimbize hospitali mara moja kama:

- ana degedege au kifafa kinachozidi dakika 5, au kinarudi kabla hajazinduka;
- amegonga kichwa kisha anatapika, anasinzia isivyo kawaida au hatambui watu;
- ana homa kali na shingo imekakamaa, au hawezi kunywa;
- amekunywa dawa, mafuta ya taa au sumu ya shambani;
- amebadilika tabia ghafla ndani ya siku moja au mbili.

Akipata kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na angalia saa. Povu lake haliambukizi. Mguse na umsaidie.

12. ANZA WIKI HII

Leo: kagua mwili wake, kuanzia masikio hadi vidole vya miguu.
Kesho: hamisha panga, visu na mafuta ya taa, na panga kona yake ya utulivu.
Wiki nzima: andika daftari, bila kubadili jambo jingine.
Siku ya nane: kaeni wote, someni daftari, chagueni chanzo kimoja tu mtakachoanza nacho na ishara moja ya kumfundisha kuomba.
Wiki nne zinazofuata: wote fanyeni vilevile, kisha hesabuni hamaki za wiki ya mwisho mlinganishe na wiki ya kwanza. Zikipungua, ongezeni chanzo cha pili. Zisipopungua, bebeni daftari mwende na mtoto kituo cha afya.